Mwito wa Tatu

Nisikudanganye. Siku Wanja aliponiambia anataka kumgeuza mama yangu kuwa wimbo, nilitaka kumpiga na kikombe alichokuwa anakunywea chai. Na kikombe chenyewe kilikuwa changu.

Wanja ndiye aliyetengeneza ile filamu. Miaka sita iliyopita alikuja Shauri Moyo na kamera yake akawafuata vijana watatu wenye usonji: Shiro wa Majengo, Kim wa Mukuru kwa Reuben, na ndugu yangu Gordon. Hakuwa mgeni. Amezaliwa Majengo kulekule, mama yake aliuza mitumba Gikomba, na labda ndiyo maana mama yetu alimkubalia. Mama hakuwa mtu wa kukubalia watu ovyo. Alimuuliza swali moja tu: "Utamwonyesha kama mgonjwa ama kama mtoto wangu?" Wanja akasema, "Kama mtoto wako." Basi mama akaweka sufuria ya chai jikoni.

Filamu ikatoka, ikaonyeshwa huku na huku, watu wakalia, wakapiga makofi, kila mtu akarudi kwake. Kisha mama akafa. Presha. Asubuhi alikuwa anachambua sukuma wiki, adhuhuri tukawa tunahangaika kutafuta gari la kumpeleka hospitali, jioni hatukuwa na mama. Nilimchukua Gordon nikamleta kwangu Umoja, ghorofa ya nne, na Gordon akanyamaza.

Si kwamba hapo awali alikuwa mpiga domo. Lakini alikuwa na maneno yake. Kila asubuhi alikuwa anatutangazia kama mvua itanyesha, halafu anataja majirani wote wa Shauri Moyo mlango kwa mlango, na kama kuna aliyehama anamtaja pia na kusema "alihama". Baada ya mazishi ilibaki "ndiyo", "hapana" na "chai". Na ile filamu. Aliitazama kwenye simu yangu ya zamani, kipande kilekile: mama amesimama mlangoni, jua linashuka, leso kiunoni, anaita, "Goooodi!" Hapo picha inakatika, anaingia Shiro akishona kitambaa. Gordon anarudisha nyuma. "Goooodi!" Anarudisha tena. Mimi niko jikoni nakata vitunguu, na sauti ya marehemu mama yangu inaita sebuleni. Sijui kama wewe umewahi kukata vitunguu namna hiyo.

Kwa hivyo Wanja alipokuja na habari ya tamthilia ya nyimbo, itakayochezwa kwenye ukumbi wa Shauri Moyo, na Gordon na Shiro na Kim wacheze maisha yao wenyewe, nikamuuliza, "Na mama atachezwa na nani? Maana mwenyewe hatafika mazoezini."

"Tumepata msichana anaitwa Asenath. Aluoch, huyo mtoto akiimba—"

"Wanja, maliza chai uende."

Aliyeniponza ni Gordon. Alikuwa kwenye kona yake akipanga vifuniko vya soda, vyekundu upande huu, kijani upande ule. Hakuinua macho. Akasema, "Shauri Moyo saa ngapi?"

Lilikuwa swali lake la kwanza tangu tumzike mama. Ningefanya nini? Nikamjazia Wanja kikombe tena.

*

Mazoezi yalikuwa Jumamosi. Kufikia Alhamisi Gordon ameshapiga pasi shati lake la mistari, amelitundika kwenye mlango wa bafu, na ole wako uliguse. Maneno yakaanza kurudi. "Leo mawingu." "Kim ana viatu vipya." Siku moja akaniambia, "Aluoch, unatembea polepole," nikacheka pale barabarani hadi watu wakageuka. Nilikuwa nimeshaanza kuzoea kwamba ndugu yangu ameenda na mama. Kumbe alikuwa karibu hapo.

Lakini kuingia ukumbini, ah, hapana. Nilimpeleka hadi mlangoni na mimi nikakaa nje kwenye ngazi. Sikutaka kumwona msichana wa watu amefunga leso kiunoni akijifanya Adoyo, mama yangu. Wanja alinisihi, nikakataa. Mimi nikikataa nimekataa. Watu husema nimemrithi mama kwa hilo. Gordon alirithi urefu wake, mimi nikarithi mdomo.

Na pale kwenye ngazi, bila kutaka, nikawa narudi nyuma. Kutoka Kamukunji unasikia nyundo za mafundi wa mabati mchana kutwa, kong kong kong, hadi unasahau kwamba zipo. Jua likianza kuzama zinaacha. Zamani zikiacha tu, ndipo wakati wetu ulipokuwa unaanza kuisha. Sisi tuko uwanjani, wasichana tunarushiana mpira wa kati na kuruka kamba ya bladda, wavulana wako na bano zao, gololi za kioo, wengine wamejificha kwenye brikicho nyuma ya vyoo, moshi wa majiko umetanda, ugali unasongwa kila nyumba. Halafu akina mama wanatoka milangoni, mmoja mmoja, wanaanza kuita.

Weh! Zile sauti! Mama Gitonga aliita kwa pua. Mama Frankline alianza chini akapanda, akapanda, hadi mbwa wanaitikia. Kulikuwa na mama Lusia wa mlango wa mwisho, yeye hakutaja jina kabisa, alipiga sufuria kwa mwiko na watoto wake sita wanajua. Ungeniziba macho nisingekosea hata mmoja. Na mama yetu alivuta jina hadi likakaribia kukatika: Goooodi. Aluuuuoch. Siku hizi mimi nikimtaka kijana wangu ashuke au apande nampigia simu, na simu yenyewe hashiki.

Mwenye wazo la miito alikuwa Kimeu, mpiga gitaa wa tamthilia, kijana wa Kikamba mwenye kofia asiyovua. Alikaa nami kwenye ngazi siku moja akiwa na kinasa sauti.

"Niaje, Madam. Unajua nimezunguka hizi nyumba zote nikiuliza mashosho, nyanya zetu? Nawaambia, niitie watoto vile ulikuwa unaita. Wanacheka kwanza. Halafu wanaita. Mmoja aliita akalia, akaniambia huyo mtoto yuko Qatar."

"Na ukishanasa, unafanya nini nayo?"

"Ndiyo muziki wenyewe. Tamthilia nzima ni jioni moja tu. Watoto watatu wanaitwa nyumbani. Mimi sijatunga kitu, Madam, mimi nimeokota tu."

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Lilikuwa jambo zuri. Nikamwambia mama Lusia alikuwa anapiga sufuria, na macho yakamtoka kwa furaha.

*

Mambo yakaharibika kwenye mwito wa Gordon.

Jumamosi moja kabla ya onyesho, Wanja alitoka nje akaketi karibu nami. Nilijua tu. Mtu wa Majengo akikuketia karibu hivyo na kuanza kukusifia viatu, jua kuna jambo.

"Sema," nikamwambia.

"Shiro yuko sawa kabisa. Kim naye, usiseme. Gordon anaimba vizuri, anajua maneno ya kila mtu, hata Asenath akisahau ni yeye humkumbusha. Lakini tukifika pale mama anapomwita nyumbani, haendi. Anakaa tu chini na vifuniko vyake. Tumejaribu taa, tumejaribu polepole, Asenath ameimba hadi koo limemuuma. Wiki tatu sasa. Na ndiyo kilele cha tamthilia, Aluoch. Asipoenda hakuna mwisho."

"Kwa hivyo?"

"Tuna kijana wa chuo anaitwa Lusweti. Amejifunza hiyo sehemu. Gordon atakuwa bado kwenye jukwaa, atakaa pembeni, mwishoni atainama na wengine—"

Sikumngoja amalize. Nilisimama. "Ati akae pembeni! Kwenye maisha yake! Halafu mvulana wa chuo aingie na shati la mistari atembee kama yeye, watu wapige makofi? Wanja, uliapa mbele ya mama yangu. Ulikunywa chai yake!"

"Nafikiri ni huzuni," akasema, sauti imemtoka chini. "Nafikiri anamsikia mama na anaumia. Sitaki kumtesa, Aluoch. Kweli sitaki."

Hata mimi nilidhani hivyohivyo. Na niliwaza pia: nikimwambia Gordon kwamba nafasi yake amepewa mwingine, tutarudi kwa "ndiyo", "hapana" na "chai". Safari hii huenda asirudi tena kabisa.

"Nionyeshe," nikasema.

Ndivyo nilivyoingia ukumbini.

Walikuwa wamejenga mlango. Mlango tu na fremu yake, umesimama peke yake jukwaani, buluu ya kanso, rangi ya nyumba za baraza la jiji, iliyobanduka chini, pale tulipokuwa tunapiga mateke. Nilishika kiti kilichokuwa karibu. Gordon alikuwa mbele, chini sakafuni, na vifuniko vyake. Pembeni nikamwona Lusweti, amevaa shati la mistari, mikono nyuma, kijana wa watu mwenye adabu zake. Hakuwa na kosa lolote, na nilimchukia vibaya sana.

Kimeu akapiga gitaa. Asenath akatoka mlangoni, leso kiunoni, akaimba, "Goooodi..."

Yesu wangu! Alikuwa na sauti. Ulikuwa ni mwito wa mama wenyewe, ameuchukua kwenye filamu bila kupoteza hata pumzi, ila umesafishwa, umepakwa asali. Machozi yalinitoka. Shiro aliyekuwa akingoja zamu yake alifunga macho. Gordon akahamisha kifuniko kimoja chekundu.

Asenath akaimba tena, tamu vilevile. Gordon hakugeuka.

"Unaona," Wanja akaninong'oneza.

Nilipanda jukwaani nikachuchumaa mbele ya ndugu yangu. "Godi. Mbona huendi?"

"Bado," akasema.

"Bado nini?"

Akanitazama kwa haraka, kisha akarudi kwa vifuniko vyake, akanieleza taratibu kama anavyomweleza mtu asiyeelewa mambo. "Bado mama hajakasirika."

Halafu mimi nikakaa chini puu, makalio sakafuni, nikaanza kucheka. Nilicheka hadi mbavu zikauma, na wenzangu wananitazama wakidhani nimeshikwa na kichaa.

"Wanja," nikasema nilipopata pumzi, "wewe mama yako akikuita Majengo, ulikuwa unaenda mwito wa kwanza?"

"Mimi? Wa kwan—" Akajishika mdomo. "Woi! Hata wa pili sikuwa naenda!"

Ni nani alikuwa anaenda? Mwito wa kwanza ni wa kukujulisha tu kwamba chakula kiko karibu; unamwambia mwenzako, "Ngoja nimalize." Wa pili ni wa kukuonya, unaitikia "Nakuja!" na unabaki palepale. Wa tatu ndio mwito. Wa tatu unatajwa majina yote, la ubatizo na la nyumbani na la baba, na unaambiwa utakachofanywa, na hapo hata bano unaziacha chini unakimbia. Mtoto aliyeenda mwito wa kwanza tulimcheka wiki nzima. Sheria hiyo hatukuandikiwa na mtu, na sote pale ndani tulikuwa tumeisahau. Sote, isipokuwa Gordon. Gordon akishajua sheria haivunji.

"Lakini kwenye filamu anaita mara moja," Asenath akasema. Alikuwa karibu kulia, masikini. "Nimeisikiliza mara mia."

Tukamgeukia Wanja. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nilinasa yote," akasema. "Yote mitatu. Nikabakiza ule wa kwanza kwa sababu ulikuwa mtamu. Ule wa tatu... mama yenu alikuwa anafoka, Aluoch. Niliogopa. Nilifikiri watu wa nje wataona mama anamfokea mtoto mwenye usonji, waseme ni mkatili. Nikaukata."

"Mama alikuwa anafoka!" Nilisimama. "Mama alikuwa mkali, Wanja, mkali hasa! Na unajua alimfokea Gordon kwa nini? Kwa sababu hata mimi alinifokea. Watu wote walikuwa wanamsemesha Gordon kwa sauti ndogo, kama mtu anayeongea na mtoto mchanga. Mwalimu, daktari, pasta, wote. Mama peke yake ndiye aliyemtukana kama mwenye akili zake. Ule ndio mwito wake. Huo mwingine wa asali si wa mtu yeyote."

Wanja alilia kidogo, na mimi nikamwacha alie, kisha nikampa leso.

*

Ungedhani hapo yaliisha. Wapi!

Asenath alijaribu kukasirika. Lakini yule msichana amelelewa kanisani, hasira yake ilikuwa na vibwagizo. "Gordon Odhiambooo!" akaimba, akakunja uso. Gordon akasema, "Huyo anaimba." Akajaribu kusema bila kuimba. "Huyo anaogopa." Mwishowe wote wakanitazama mimi.

"Msinitazame. Mimi si mchezaji."

"Hatutaki mchezaji," Kimeu akasema. "Asenath aimbe wa kwanza na wa pili. Wewe usimame nyuma ya mlango, ufungue, uite wa tatu. Hivyo tu, Madam. Hasira unazo, Mungu ashukuriwe."

Nilisimama nyuma ya ule mlango wa buluu. Nilipoufungua na kumwona Gordon chini na vifuniko vyake, na mwanga umetoka upande uleule ambao jua lilikuwa linashukia, sauti ilikataa. Nilifungua mdomo nikatoa kilio. Jina lake lote sikuwa nimelisikia likitajwa tangu mama afe, na mimi ndiye nilitegemewa kulitaja. "Gordon..." nikasema, nikashindwa.

"Bado," Gordon akasema kwa upole.

Tulirudia. Tukarudia Jumatano, tukarudia Ijumaa. Kila mara kilio. Muulize mtu aliyewahi kunikosea kama hasira zangu hunipungukia, hazijawahi. Zilinipungukia wiki hiyo moja tu. Ijumaa jioni Wanja alinishika mkono. "Kesho ujaribu. Ikishindikana, Lusweti atakuwa tayari pembeni, ataingia badala yake, na watu hawatajua. Gordon ataelewa."

"Gordon hataelewa," nikamwambia. "Atanyamaza tu, na nyinyi mtasema ameelewa."

*

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa madirishani. Mashosho waliokuwa wamemwitia Kimeu walipewa viti vya mbele, na leso zao bora, wengine wamekuja kutoka Kayole na Dandora walikohamia. Miito ilipoanza, wao ndio walioharibu utaratibu. Asenath na wenzake wakiimba mwito wa mama Frankline, shosho mmoja akasimama kabisa: "Hapana, alikuwa anapanda zaidi!" akaonyesha. Watu wakavunjika mbavu. Kisha sufuria ikapigwa mwiko gizani, na nikasikia mtu mzima, mwanamume, anasema "Mama" kwa sauti iliyomponyoka. Shiro aliimba wimbo wake akishona kweli jukwaani. Kim alitembea kutoka Reuben hadi Industrial Area na kurudi, huku akihesabu mageti ya viwanda, na ukumbi mzima ukamsaidia kuhesabu.

Ikabaki Gordon.

Nilikuwa nyuma ya mlango, jasho limenilowesha. Asenath akaita wa kwanza, mtamu. Gordon hakugeuka, na nikasikia kicheko kidogo mbele, mashosho wameshajua. Akaita wa pili. "Nakuja!" Gordon akajibu, na hakuondoka. Kicheko kikawa kikubwa.

Zamu yangu. Nikafungua mlango. Nikamwona. Sauti ikakataa palepale, kama jana na Jumatano. Nikasimama. Watu wakasubiri. Kimeu akarudia gitaa, akarudia tena. Nilisikia mtu akikohoa. Na kwa pembe ya jicho nikaona shati la mistari limesogea: Lusweti, alivyoagizwa, ameanza kuja. Amekunja mabega kama Gordon, ameshika vifuniko mkononi kama Gordon, anatembea kwa vidole kama Gordon, anakuja kukaa mahali pa Gordon.

Sijui nikueleze vipi. Kilipanda kutoka miguuni.

"GORDON ODHIAMBO WUOD OKELLO!"

Nasikia hata mafundi wa nje waliacha nyundo. Lusweti aliganda mguu mmoja juu.

"Nimeita hadi sauti imeniisha! Ugali unapoa, mboga inapoa, mimi nimesimama hapa kama mlingoti! Kwani mimi ni mjakazi wako? Nikitoka hapa nije huko, leo mimi na wewe tutajuana! Bi ichiem! Njoo ule, na unawe hiyo mikono!"

Haikuwa sauti yangu. Au ilikuwa yangu, na ilikuwa yake siku zote, sijui. Gordon aliruka. Vifuniko vilitawanyika jukwaa zima, vyekundu na kijani pamoja, na ndugu yangu, huyo asiyependa kuguswa, asiyependa kuharakishwa, alikimbia huku akicheka kwa sauti, "Abiro! Abiro, mama! Nakuja!" Akanipita kizingitini, upepo wa shati ukanipiga, akaingia.

Sikumbuki makofi. Wanasema yalikuwa mengi. Ninachokumbuka ni mashosho, wamesimama wote, wanaita. Kila mmoja anaita wake, majina yote, ya ubatizo na ya nyumbani, waliokufa na walio Qatar, na hakuna aliyewaambia waketi.

*

Baadaye nilitoroka. Ndani walikuwa wanapakua pilau, watu wanakumbatiana, Wanja anakumbatia hata fremu ya mlango. Mimi nilitoka kwa nyuma nikaenda kukaa karibu na ule mfereji wa zamani, pale tulipokuwa tunapanga foleni ya maji. Nikavua viatu. Nyundo za Kamukunji zilikuwa zimeanza kuacha, moja moja, na moshi wa jiko la mtu ulikuwa unakuja na harufu ya omena. Nililia kilio ambacho sikuwa nimelia hata makaburini. Kwa Gordon nilikuwa nimekuwa dada na mama. Mimi nani alikuwa ananiita?

"Aluuuuoch!"

Niliinua kichwa. Gordon alikuwa amesimama mlango wa ukumbi, mrefu, taa nyuma yake. Amelivuta jina hadi likakaribia kukatika, vilevile.

Sikuitikia. Nilijua sheria.

Akangoja. Kisha akaita wa pili, mkali kidogo. Nikasema, "Nakuja!" na sikuondoka. Nilifuta pua kwa kiganja kama mtoto, nikangoja. Nikamwomba Mungu asichoke, asigeuke akarudi ndani.

Gordon akavuta pumzi. Gordon ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti kwa mtu tangu azaliwe.

"IMMACULATE ALUOCH NYAR OKELLO! Chakula kinapoa! Nikija huko leo tutajuana!"

Niliinuka nikakimbia, mwanamke mzima, viatu mkononi, kupitia uwanja uleule, na nilipofika kizingitini alikuwa ameshika jagi la maji na beseni.

"Nawa mikono," akaniambia.

Nikanawa.